Labda Ni Sindano Yangu

Mwezi Machi mwaka huu nilianza kuuza sehemu ya santuri zangu. Sikuzichoka, wala sikuishiwa. Nyumba tuliyohamia ni ndogo, kuta zake zinavuta unyevu, na aliyeishi Pwani anajua kwamba unyevu na santuri havikai chumba kimoja: majalada huota kuvu, lebo hubabuka, na vumbi lililolowa huganda ndani ya mifereji ile myembamba ambamo muziki umehifadhiwa. Nilikuwa na sahani zinazokaribia mia tatu, nyingine nilizinunua mwenyewe tangu nikiwa mwanafunzi, nyingine nilizirithi kwa marehemu baba. Nikaamua kubaki na zile ambazo zikitoka mikononi mwangu sitazipata tena, na kuwauzia wengine zilizosalia. Nilidhani ni kazi ya majuma mawili. Imekuwa shule, na aibu yake ni kwamba somo lenyewe nilipaswa kulijua zamani, kwa kuwa ajira yangu ni kupima kazi za watu na kuzipa madaraja.

Kisa chenyewe ni kifupi. Kijana mmoja wa Mwanza, anayepiga muziki wa zamani kwenye sherehe, aliona tangazo langu akanunua sahani kubwa ya rumba ya Kongo kwa shilingi 100,000. Katika tangazo niliandika kwamba hali ya sahani ni "karibu na kamilifu". Nikaifunga katikati ya maboksi, nikaipeleka stendi, ikasafiri kwa basi. Siku tatu baadaye akanipigia simu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mzigo umefika?"

"Umefika salama, nashukuru sana. Umefungwa vizuri mno." Akanyamaza kidogo. "Nilitaka kuuliza tu, mwalimu. Upande wa pili, wimbo wa mwisho, tarumbeta zikiingia sauti inapasuka. Lakini labda ni sindano yangu. Nitatafuta nyingine nijaribu tena."

Nilijua papo hapo kwamba si sindano yake. Mifereji ya mwisho, ile iliyo karibu na lebo, ndiyo inayoumia zaidi sahani inapochezwa miaka mingi kwa sindano nzito au iliyochakaa, na sahani ile ilikuwa imekesha kwenye ngoma nyingi kabla ya kufika kwangu. Madhara ya aina hiyo mara nyingi hayaonekani kwa macho. Sahani inaweza kung'aa kama maji ya usiku na bado ikapasua sauti. Njia ya kujua ni moja, nayo ni kuicheza. Mimi sikuwa nimeicheza. Niliitazama chini ya taa, nikaigeuza, nikaona inang'aa, nikaandika daraja la juu.

Kwa msomaji asiyeijua biashara hii, naomba nieleze kidogo. Bei ya santuri iliyotumika hutegemea mambo mawili makubwa: inavyotafutwa na hali yake. Ili mnunuzi wa mbali aijue hali bila kuiona, wauzaji duniani wamekubaliana kutumia ngazi ya madaraja. Iliyoenea zaidi ilijengwa na jarida la Marekani liitwalo Goldmine, lililoanzishwa mwaka 1974, na leo ndiyo inayotumika katika Discogs, soko kubwa la santuri la mtandaoni lililozaliwa mwaka 2000. Kwa Kiswahili changu ngazi hiyo husomeka hivi kutoka juu: kamilifu, karibu na kamilifu, nzuri sana na zaidi, nzuri sana, nzuri, na mwisho kabisa mbovu.

Msomaji makini ameshaona kituko. Katika ngazi hii, "nzuri" si nzuri. Sahani iliyopewa daraja la "nzuri" itacheza hadi mwisho bila sindano kuruka, lakini itakwaruza njia nzima kama mchele unaokaangwa. Daraja hilo kwa kawaida huuzwa kwa asilimia 10 hadi 15 tu ya bei ya sahani iliyo karibu na kamilifu. "Nzuri sana" ni robo ya bei hiyo, na "nzuri sana na zaidi" ni nusu. Kwa maneno mengine, wenye biashara wenyewe walishaona kwamba sifa zina tabia ya kupanda, na neno lililoanza likiwa sifa limeishia kuwa onyo. Atakayesoma barua za mapendekezo zinazoandikwa katika vyuo vyetu ataielewa tabia hiyo bila kufafanuliwa. Katika barua hizo, kumwita mwanafunzi "mzuri" ni kumnyima kazi.

Ngazi hiyo ina kanuni zake, nazo nilizijua kabla ya kumuuzia kijana yule. Kwanza, sahani na jalada hupewa madaraja mawili tofauti, kwa sababu jalada safi laweza kuficha sahani iliyochoka, na jalada lililochanika laweza kutunza sahani nzima. Pili, muuzaji mwaminifu hutaja kama ameipima sahani kwa macho tu au ameicheza. Tatu, ukisita kati ya madaraja mawili, andika la chini. Nne, mnunuzi akikuta hali si ile uliyoieleza, upokee sahani na urudishe fedha. Nilivunja ya pili. Ya tatu haikunihusu hata kidogo, kwa kuwa sikusita. Mtu asiyetaka kujua huwa hasiti.

Wachumi wameliandikia jambo hili. Mwaka 1970 George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Hoja yake, kwa ufupi, ni hii: pale ambapo muuzaji anaijua bidhaa na mnunuzi haijui, mnunuzi hujihami kwa kutoa bei ya wastani; mwenye gari zima huiona bei hiyo ni dhuluma, naye hujitoa sokoni; yanabaki mabovu, wastani unashuka, na soko lenyewe laweza kufa. Mwaka 2001 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz kwa kazi zao juu ya masoko ambamo taarifa haziko sawa kwa pande zote. Sisi tulikuwa na neno letu kabla ya hapo: kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Tuna pia methali isemayo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Makala ya Akerlof ni onyo kwa wanaoiamini methali hiyo bila masharti. Chema hujiuza pale kinapoonekana. Kikiwa ndani ya gunia hakijiuzi, na sauti ya anayekitembeza kibaya ndiyo inayosikika.

Hata hivyo, si Akerlof aliyeninyima usingizi usiku ule. Ni sentensi ya kijana: labda ni sindano yangu.

Masikio yake yalikuwa sahihi. Sindano yake ilikuwa nzima. Kibovu kilikuwa neno langu. Lakini mbele ya neno la mwalimu, tena lililoandikwa, aliona ni wepesi zaidi kuyashuku masikio yake kuliko kunishuku mimi. Alikuwa tayari kutoa fedha nyingine anunue sindano mpya ili uongo wangu ugeuke kweli. Tumezoea kusema kwamba daraja la uongo ni aina ya wizi, na ni kweli. Lakini fedha ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba daraja la uongo, likitolewa na mwenye cheo, humfundisha aliyelipokea kutoziamini hisi zake mwenyewe. Hoja yangu leo ni hiyo. Jamii inayopewa madaraja ya uongo kwa muda mrefu haibaki ikiibiwa tu. Hufika mahali ikapoteza uwezo wa kusema kwamba imesikia ilichokisikia.

Tazama inavyotokea. Taarifa inasema mradi wa maji umekamilika kwa asilimia 100. Mama anafungua bomba, linatoa hewa. Hasemi kwamba taarifa ni ya uongo. Anasema labda leo ni zamu ya mtaa wa pili. Kijana anamaliza chuo akiwa na daraja la pili la juu. Anaitwa kwenye usaili mara sita, anashindwa mara sita, kwa sababu hakuwahi kufundishwa kuandika ukurasa mmoja wenye hoja, wala hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hawezi. Hasemi kwamba daraja lake lilikuwa karatasi. Anasema labda hana bahati, labda hana mtu wa kumshika mkono. Wakati mwingine ni kweli hana mtu. Lakini tumemnyima hata nafasi ya kujua ni lipi kati ya mambo hayo lililomwangusha, na asiyejua alipo mgonjwa hajui pa kupaka dawa.

Kwa nini tunafika hapo? Tungependa kujibu kwamba ni kwa sababu ya watu wabaya. Mimi si mtu mbaya sana, na bado niliandika "karibu na kamilifu". Nadhani jibu liko kwenye orodha ya waliomo chumbani daraja linapotolewa.

Mwaka 2004 Serikali yetu ilianzisha Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, ambao watumishi wengi waliujua kwa kifupisho chake cha Kiingereza, OPRAS. Ulichukua nafasi ya taarifa za siri, ambazo mkubwa alimwandika mdogo asichokiona. Yalikuwa mageuzi ya haki, na siyabezi. Sasa mfumo huo umeupisha ule wa kielektroniki. Lakini kumbukeni fomu ile ya zamani: mtumishi alijipa alama, msimamizi akampa zake, kisha wawili hao wakaandika alama walizokubaliana. Chumbani wamo watu wawili, na wote wawili wananufaika alama zikiwa juu. Mtumishi anataka kupanda cheo. Msimamizi anataka amani ofisini, na alama za walio chini yake ndizo sura ya uongozi wake. Mwenye maslahi ya kuzishusha alama, yaani yule bibi aliyezungushwa dirisha kwa dirisha siku tatu, hayumo. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Pale ambapo wote wanaovuta wako upande mmoja, ngozi haina budi kwenda huko.

Nasi walimu wa vyuo tusijifiche nyuma ya watumishi. Katika miaka yangu yote ya kufundisha nimepokea rufaa nyingi za wanafunzi wanaolalamika kwamba alama zao ni chache. Sijawahi kupokea hata moja ya mwanafunzi anayelalamika kwamba alama zake ni nyingi mno. Simlaumu, nani angefanya hivyo? Lakini maana yake ni kwamba masahihisho yetu yote husukuma upande mmoja. Mwalimu mkali huitwa kujieleza, mwalimu mlegevu hupendwa na huachwa. Mwajiri, mgonjwa atakayetibiwa na mhitimu huyu, mtoto atakayefundishwa naye, wote hawana kiti katika kikao cha mitihani. Mimi mwenyewe nimeandika barua za mapendekezo kwa wanafunzi watatu tofauti nikitumia aya ileile, nikisema kila mmoja ni miongoni mwa bora niliowahi kuwafundisha. Hawawezi kuwa bora wote watatu. Mmoja wao alikuwa bora kweli, na ndiye niliyemdhulumu zaidi, kwa kuwa sikumwachia neno lolote lisilokuwa limeshatumika kwa wenzake.

Soko la santuri lina watu walewale wenye tamaa ileile. Linachotuzidi ni kwamba mnunuzi yumo chumbani. Ana sindano, ana masikio, na ana haki ya kurudisha. Muuzaji anayejipandishia madaraja hulipa nauli ya kwenda na kurudi, na maoni ya waliodanganywa hubaki chini ya jina lake kila atakapotangaza. Uaminifu wa wauzaji wazuri haukutokana na malezi peke yake. Umelindwa na uwezekano wa kurudishiwa.

Kuna kanuni nyingine ya santuri ambayo ingetufaa kama taifa, ile ya kutenga daraja la jalada na daraja la sahani. Kila mwaka, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ofisi yake imewekwa na ibara ya 143 ya Katiba, hutoka na aina za hati: hati inayoridhisha, ambayo mitaani na katika magazeti huitwa hati safi, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha, na pale ambapo mkaguzi ameshindwa kutoa maoni. Halmashauri iliyopata hati safi hufanya sherehe. Mabango huchapishwa. Lakini hati hiyo husema nini hasa? Husema kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa kwa kufuata viwango vya uhasibu na zinaonesha hali halisi katika mambo yote ya msingi. Haisemi kwamba kila shilingi imetumika kwa busara, wala kwamba zahanati ina dawa. Ni kipimo cha maana sana, na ole wa taifa lisilokuwa nacho. Ila ni kipimo cha kitu kimoja. Kujua kama sahani inacheza, Mdhibiti huyohuyo hufanya ukaguzi wa aina nyingine, ukaguzi wa ufanisi, na ripoti zake zipo. Sisi husoma jalada, tukapiga makofi, tukaenda zetu.

Sasa nijibu pingamizi mbili ambazo nimezisikia nilipowasimulia wenzangu kisa hiki.

La kwanza ni la heshima na huruma. Mwenzangu mmoja aliniambia: "Kaka, wewe unataka tuwapime watu kama sahani za dukani. Hawa vijana wana mikopo, wana wazazi wanaowasubiri." Ni pingamizi zito, nami sina jibu jepesi. Binadamu si santuri. Santuri haiponi mkwaruzo; mwanafunzi hupona. Ile kanuni ya kushusha daraja unaposita siwezi kuipeleka darasani kama ilivyo, kwa kuwa kijana wa leo si yule atakayesimama mbele yangu mwakani. Lakini kama ni kweli kwamba hupona, basi ndiyo sababu zaidi ya kumwonesha mkwaruzo ulipo. Huruma yangu ninapompandishia alama ni huruma ninayoilipa kwa fedha za wengine: kwa usaili wake wa sita, kwa mgonjwa wake wa kwanza. Na kuhusu heshima, kijana wa Mwanza aliniheshimu sana, na heshima hiyo ndiyo iliyotaka kumfanya anunue sindano asiyoihitaji. Heshima inayomfunga mdogo mdomo humwibia mkubwa pia, kwa kuwa humwacha na kosa lake.

La pili ni kwamba daraja ni kitu kikavu, halijui thamani. Hapa nakubali kabisa. Miongoni mwa sahani za baba kuna ndogo moja ya mizunguko 45 ambayo kwenye lebo yake aliandika kwa wino wa bluu jina lake, neno "Tabora", na mwaka 1972. Kwa kanuni za biashara, maandishi kwenye lebo ni dosari. Hutajwa katika tangazo na hushusha bei. Kwa mtu anayetafiti nani alisikiliza nini na wapi, maandishi yaleyale ni ushahidi. Vivyo hivyo sahani nyingi za bendi zetu. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam na sahani zikachapwa Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa hadi mwaka 1983. Sahani ya wakati ule iliyobaki, hata ikiwa na hali ya "nzuri" kwa maana ile mbaya, yaweza kutafutwa kuliko sahani ya Jim Reeves iliyo karibu na kamilifu. Hali si thamani. Lakini hilo si sababu ya kudanganya kuhusu hali. Ni sababu ya kusema wazi daraja linapima nini na haligusi nini, kisha kuandika maelezo. Wauzaji wazuri huandika daraja, halafu huandika sentensi tatu: mkwaruzo uko wapi, unasikika kwa muda gani, lebo ina maandishi gani. Ni sentensi zile, kuliko daraja, zinazomwezesha mtu aliye mbali kuamua.

Basi tufanye nini? Sina mamlaka ya kubadili mifumo, na nina mashaka na makala zinazomalizika kwa kuidai Serikali mambo kumi. Nitasema ninayoweza kuyatenda na ninayoomba wengine wayatende.

Kwa upande wangu, nimeacha kuandika barua ya mapendekezo isiyokuwa na kasoro hata moja. Naandika anachokiweza mwanafunzi, naandika asichokiweza bado, na namsomea barua kabla ya kuituma. Wawili wameghairi wakatafuta mwalimu mwingine. Wengine wamebaki, na mmoja alirudi na rasimu aliyoiandika upya. Wanafunzi nawaomba jambo moja: msiridhike na alama peke yake. Dai maelezo. Alama ya juu isiyokuwa na maelezo ina mashaka sawa na ya chini isiyokuwa na maelezo, ila ya juu ni tamu na hatuiulizi.

Watumishi wa umma, mnaposaini tathmini ya mwaka, jiulizeni ni nani aliyehudumiwa na huyu ambaye sauti yake imo humu. Kama hayumo, mnachokisaini ni hali ya jalada. Wanaharakati, msibishane na asilimia mkiwa Dar es Salaam. Chukueni taarifa, nendeni nayo kijijini, fungueni bomba, hesabuni vitanda, na mwandike mlichokikuta, hata pale mtakapokuta taarifa ilisema kweli. Anayecheza sahani kwa nia ya kusikia mkwaruzo tu naye anatoa daraja la uongo.

Nimalizie kisa. Nilimpigia kijana kesho yake asubuhi. Nilimwambia asinunue sindano yoyote, kwamba masikio yake ni mazima, na kwamba sikuwa nimeicheza ile sahani. Nikamwomba airudishe kwa nauli yangu. Alicheka kidogo kwa aibu, utadhani yeye ndiye aliyekosa, akasema angependa kubaki nayo kwa sababu nyimbo nyingine zinalia vizuri. Tukakubaliana kwamba daraja lake la haki ni "nzuri sana" kwa maana ya ngazi ile, yaani robo. Nikamrudishia shilingi 75,000 kwa simu. Kisha nilitoa matangazo yangu yote, nikatengenezesha gramafoni, na nikaanza kucheza sahani moja baada ya nyingine, pande zote mbili, hadi mwisho. Ilinichukua miezi mitatu. Zaidi ya theluthi moja zilishuka daraja. Mbili zilipanda.

Juzi kijana yuleyule amenitafuta tena, anataka sahani nyingine. Tulisalimiana, tukaulizana hali, nikamtajia daraja. Safari hii hakushukuru kwanza.

"Umeicheza, mwalimu?" akauliza.